Pale Gari Linaposimama

Nyakalengija,
Jumapili jioni

Mwanangu,

Sauti uliyonitumia kwa simu nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa njiani natoka kanisani. Mara ya pili nilimkalisha mama yako mdogo karibu nami, maana sikutaka ije kusemwa kwamba mzee hakuelewa. Umesema dalali amekupatia mtu anayelitaka shamba la marehemu baba yako, lile la kahawa linaloteremka hadi karibu na mto Mubuku. Umesema fedha zikipatikana utanunua ploti Mpondwe, hapo mpakani na Kongo, karibu na barabara mpya, ujenge vyumba vya kupangisha, sita huku na sita kule, choo katikati. Mwishoni ukashusha sauti ukasema unanipa habari tu. Mwanangu, mtu wa kutoa habari tu hasemi dakika tisa.

Najibu kwa kalamu kwa sababu mtandao wa huku unakubali nyuma ya banda la mbuzi tu, na mambo ya ardhi siwezi kuyazungumza nimesimama. Tena naandika Kiswahili. Lukonzo tunakisema toka tumboni, ila shuleni hawakunifundisha kukiandika. Kiswahili nimekirithi kwa babu yako, naye alikiokota mgodini Kilembe, chini ya ardhi, kati ya watu waliotoka kila upande, Kongo, Rwanda, Kenya, Ankole. Wewe ndicho unachohesabia fedha mpakani. Basi tuongee hicho.

Babu yako alituambia kwamba alipokuwa kijana, Kasese ilikuwa mbuga. Nyasi, joto, mbu na wanyama. Watu wetu walikaa juu, kila mgongo wa mlima na mkubwa wake, wakishuka kwa haja maalum tu, kama kutafuta chumvi ya Katwe, na kurudi haraka. Mwaka 1956 reli ikafika kutoka Kampala. Haikufuata watu, ilifuata shaba. Kampuni ya Wakanada ilikuwa imefungua mgodi Kilembe. Madini yakichimbwa na kusagwa yaliteremshwa Kasese, yakapakiwa kwenye mabehewa, yakaenda kuyeyushwa Jinja ambako umeme wa Owen Falls ulikuwa umewashwa mwaka 1954. Reli iliishia Kasese kwa sababu mbele yake kuna mlima. Na kwa kuwa iliishia pale, kila aliyekuwa ndani ilibidi ashuke, ale, alale, amngoje mwenzake, anunue shati. Watu wanapenda kusema mji ulijengwa na shaba. Mimi naona ulijengwa na kule kungoja. Shaba yenyewe haikununua hata andazi Kasese, ilipita tu.

Babu alikuwa akitusimulia siku ya mshahara mpaka tunasikia harufu ya nyama. Kilembe walikuwa na nyumba za mistari, hospitali, shule, uwanja wa mpira, na taa. Umeme wa taa zile ulitoka kwenye mto huu huu wa Mubuku unaopita chini ya shamba lako. Nikiwa mtoto nikamuuliza: baba, kama umeme unatoka kwetu, mbona sisi tunawasha kibatari? Akacheka. Akasema maji yanateremka, na umeme nao unateremka. Mwaka 2009 walipowasha mtambo wa Bugoye, megawati 13, nilimkumbuka. Nguzo zilipita juu ya migomba yetu miaka mingi kabla taa haijaingia nyumbani kwangu.

Mwaka 1982 uchimbaji ulikoma. Mwisho wa mji haukufika kwa siku moja, na hili ndilo nataka ulishike, kwa sababu wewe hukuwapo. Bei ya shaba ilikuwa imeshuka, Wakanada walikwisha kuondoka, nchi ilitoka kwenye utawala wa Amini imechoka, vipuri havipatikani. Lakini mtu wa kawaida hakuiona hiyo bei ya dunia. Aliona fundi cherehani amefunga. Kisha mwenye baa. Kisha yule aliyekodisha vyumba akaanza kupunguza kodi, akapunguza tena, mwisho akawaacha watu wakae bure ili mchwa wasile nyumba. Waliotoka mbali walibaki Kilembe kwenye nyumba za mistari kwa kuwa hawakuwa na pa kurudi. Wenye migongo ya milima walipanda. Babu yako alirudi na kofia ngumu ya mgodini, na kuku wetu mmoja akaipenda sana, akataga humo miaka miwili.

Usinielewe vibaya, Kasese haikufa. Leo ni manispaa tangu 2010, ina benki, redio, vyuo, na saruji ya Hima iko jirani. Hata yale mabaki ya mgodi yaliyorundikwa miaka yote yalikuja kuwa mali: kuanzia 1999 hadi 2013 kiwanda kilikuwa kinatoa kobalti kwenye lile lundo kwa kutumia vijidudu vinavyokula mawe. Babu angeambiwa kwamba wadudu wasioonekana wangemaliza kazi aliyoiacha, angetema mate chini. Lakini tazama kilichobaki kando ya mto Nyamwamba. Mei 2013 mto ulijaa, ukaingia Kilembe, ukachukua nyumba na vitanda vya hospitali. Mei 2014 tena. Mei 2020 ukaja kuliko yote, na Mubuku wetu na Lhubiriha wa kwenu nayo ikajaa, kila mtu akawa na msiba wake asiweze kumzika mwenzake. Rafiki wa babu yako aliyekuwa akiishi kwenye nyumba za mistari alipoteza kila kitu. Tulipomleta hapa alikaa mwezi mzima akisikiliza mto usiku, halali.

Na reli? Treni ya abiria iliacha kuja Kasese miaka ya tisini, wewe hujazaliwa. Siku moja ukipita stesheni, shuka kwenye bodaboda uangalie.

Sasa njoo hapa kwetu. Ukitoka Kasese kwa barabara ya Fort Portal unakata kushoto, unapanda Bugoye, unafika Ibanda, na mbele kidogo gari linashindwa. Hapo ndipo Nyakalengija. Sioni sababu nyingine ya jina hili gumu kujulikana Ulaya. Mtu anayetaka kufika kilele cha Rwenzori, Margherita, mita 5,109, hapa anashuka, anavaa gambuti kwa ajili ya matope ya Bigo, na kuanzia hapa anahitaji bega la mtu. Ndivyo ilivyokuwa 1906, Mwanamfalme wa Abruzzi alipotoka Italia kuja kupanda vilele vyetu, na Wakonzo walikuwa kati ya waliombebea mizigo. Ndivyo ilivyokuwa kwangu nilipoanza mwaka 1991, mwaka ule ule mlima ulipofanywa hifadhi ya taifa. Kilo 20 na ushee mgongoni, mkanda kipajini. Kambi ya Nyabitaba siku ya kwanza, John Matte siku ya pili, Bujuku ya tatu. Nilisomesha watoto wawili kwa kipaji hiki, na ukinitazama vizuri utaona alama ya mkanda.

Mwaka 1994 tukaambiwa mlima umekuwa urithi wa dunia. Tukanunua mabati. Vijana wakaacha kupanda kahawa kwa kuwa zamu moja ya kubeba iliwapa fedha taslimu wiki ile ile, na kahawa inataka miaka mitatu kabla hujaonja. Nilikuwa mmoja wao. Baba yako akanicheka, akaendelea kuchimba mashimo yake kwa mstari. Mwaka 1997 waasi wa ADF waliingia milimani, hifadhi ikafungwa hadi 2001. Miaka minne. Waliokaa juu waliteremka na magodoro vichwani. Nani alinilisha mimi na mama yako mdogo? Sitaki kulirefusha, unalijua jibu, ni lile shamba la dalali wako.

Hifadhi ikafunguliwa, wageni wakarudi, nikapandishwa cheo kuwa mwongozaji. Mwaka 2009 ikafunguliwa njia nyingine ya kupandia, kutoka Kilembe. Nilifurahi kwa ajili ya watu wa kule, baada ya yote waliyopata. Lakini gari lilikuwa limepata mahali pengine pa kusimama, na kila kundi lililoanzia kule lilikuwa pungufu huku. Machi 2020, korona, likawa halisimami popote.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wananiuliza nami napenda kulikwepa. Barafu. Watu wa vipimo wanasema mwaka 1906 ilifunika kilomita za mraba zipatazo 6.5 juu ya Rwenzori nzima, na kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya moja. Mimi sihitaji kipimo. Pale nilipowafunga wageni viatu vya meno miaka yangu ya mwanzo, leo ni mwamba mtupu na ngazi. Wazee walisema theluji ile ndiyo Nzururu, baba wa mungu Kitasamba, na hatukuipanda. Tulianza kuipanda tulipolipwa. Sasa inaondoka, na sijui mgeni wa mwaka 2050 atashuka garini Nyakalengija afuate nini. Labda ndege na lobelia. Labda inatosha.

Kwa hiyo nikisikia Mpondwe, swali langu la kwanza kwako ni hili: gari linasimama pale kwa sababu gani?

Nayajua majibu yako. Soko la Jumanne na Ijumaa nimelibeba na kulibebesha. Nimeona mawese, mbao na kakao zikiingia, na samaki wa Katwe, saruji, sukari na sabuni vikitoka. Nakubali kwamba Bwera yenu, hapo kando ya Mpondwe, haifanani na Kasese. Kasese ilishushwa na reli kama mzigo. Bwera ilikuwa inafanya biashara kabla hakujawa na mpaka wa kuvuka. Ni mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walipokubaliana kupitisha mstari kati yetu, sisi tukawa Wakonzo wa Uganda, wenzetu wakawa Wanande wa Kongo, na mashangazi zetu wakaendelea kuolewa ng'ambo kama kawaida. Mpaka leo ukiita "Masika!" katikati ya daraja, wazaliwa wa kwanza wa kike watageuka kutoka nchi mbili. Soko la namna hiyo haling'oki kwa bei ya shaba. Nalipa heshima yake.

Lakini wewe hujengi soko, unajenga vyumba vya kulala. Hapo ndipo tunapotofautiana.

Analala nani Mpondwe? Dereva ambaye karatasi zake hazijapita. Mwenye mzigo anayemngoja dereva. Kijana wa kupakua anayewangoja wote wawili. Sasa sikiliza. Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walikutana hapo hapo Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za Kongo: kilomita 80 toka Kasindi hadi Beni, na 54 toka Beni hadi Butembo. Mwaka 2022 Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wewe unasikia lami, unahesabu magari. Mimi nauliza magari hayo yatafanya nini kwenu. Njia ikiwa matope, gari linalala Mpondwe likingoja mvua ikate. Njia ikiwa lami, dereva atataka kunywa chai yake Beni. Na siku mpaka wa Mpondwe utakapofanya kazi kama Busia, ambako maofisa wa Kenya na Uganda wanakaa chini ya paa moja na mzigo unakaguliwa mara moja, ni nani atakayelala kwenye chumba chako cha tisa? Kasese ilinenepa kwa sababu reli iliishia pale. Ingevuka mlima, watu wangepita usingizini.

Halafu kuna siku ambazo mpaka wenyewe unafungwa au watu wanauogopa. Unazijua kuliko mimi. Novemba 1996 vita vya ADF vilianzia hapo. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliletwa kutoka Kongo na ebola, ikathibitishwa, na Bwera nzima ikawa foleni ya maji ya klorini na vipimajoto vya paji la uso. Uliniambia wateja walinawa mikono wakarudi kwao. Mwaka uliofuata korona. Na Juni 2023, usiku ule waasi walipovamia shule hapo Mpondwe, waliuawa zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Baada ya mazishi ulikuja hapa ukakaa siku nne, unakumbuka? Ulikuwa ukiamka asubuhi unaingia kwenye kahawa ya baba yako kupogoa, hujatumwa na mtu. Sikukuuliza kitu. Mama yako alikuwa akikuangalia kwa mlango wa jikoni.

Na hili ndilo lililoniudhi, nalisema waziwazi kwa kuwa nimekaa kwenye kiti cha baba yako. Katika dakika tisa hukumtaja mama yako hata mara moja. Maharage anayokutumia kwa matatu yanatoka katikati ya ile kahawa. Sombe unayokula na ugali wetu wa bundu ukija, inatoka upande wa juu. Kwenye hati jina ni lako, sawa. Mkono ulioshika jembe ni wake. Huko Kyarumba wakulima wa ushirika wa Bukonzo Joint walifundishwa kuketi mume na mke wakachora: barabara kwenye karatasi, walipo leo mwanzo wa njia, wanapotaka kufika mwisho, na katikati kila mmoja anaonyesha anayofanya kwa mikono yake. Hata asiyejua kusoma anachora. Niliwaona wanaume wazima wakinyamaza walipogundua upande wao wa karatasi una picha mbili na wa mke una kumi na moja. Wewe umesoma, basi chora na mkeo kwanza, maana Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ridhaa yake kwa ardhi inayolisha familia, kisha uje uchore na mama yako. Mimi nitakuwa nje na mbuzi.

Jiulize pia mnunuzi anataka nini. Dalali hakukuambia, au alikuambia nawe hukuniambia. Mapema 2025 arabika ilifika New York bei ambayo haijawahi kuonekana, na tangu hapo watu wenye viatu safi wamekuwa wakipita hapa wakichuma jani na kulinusa kama wanaolijua. Wengine hawataki kahawa, wanataka kujenga mahali pa wageni kuangalia mlima. Babu yako asingeamini kwamba kuna mtu atalipa ili atazame. Vyovyote vile, anayenunua ameona kitu kwenye ekari zako kinachozidi anachokulipa. Na kahawa yenyewe siyo ile ya zamani tuliyoianika chini kwenye vumbi na kuiuza kwa yeyote aliyekuja na gunia. Tukichuma nyekundu tu, tukaiosha, tukaianika juu ya vichanja, bei ni nyingine. Baba yako alifariki ndipo tunaanza kujifunza hilo.

Sijakukataza Mpondwe. Nilikuwa kijana, najua mtu wa miaka 27 hawezi kuambiwa akae ahesabu punje. Ninalokuomba ni hili. Kodi kibanda na chumba kimoja hapo barabarani kwa mwaka mmoja. Nitakupa fedha ya miezi mitatu ya kwanza, nimeuza dume. Kila Jumatatu na kila Alhamisi usiku, kabla ya siku za soko, toka na daftari uhesabu malori yanayolala. Yanayopita usiyahesabu. Andika pia yametoka wapi, na yamelala kwa sababu gani: karatasi, mvua, kuharibika, au dereva ana mwanamke. Mwaka ukiisha niletee daftari. Kama namba zinapanda na lami imefika Beni, mimi mwenyewe nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kutia sahihi, siyo shamba lote, ile pembe ya juu karibu na barabara ambako kahawa ilikufa. Kahawa inayoteremka mtoni sitaitia sahihi nikiwa hai, na dalali umwambie hivyo kabla hajala nauli nyingine.

Njoo Jumamosi ya wiki ijayo. Matunda ya chini yameanza kuwa mekundu na vijana wa kuchuma wote wako Kasese kwenye bodaboda, tumebaki wazee. Miti ya mpaka upande wa jirani imesogea, nataka tuihesabu pamoja wewe ukiwa na macho mazuri. Leta gambuti zako, zangu zimetoboka. Na galoni moja ya mawese ya Kasindi, yale mekundu mazito, mama yako ameulizia mara mbili.

Ni mimi,
Baba yako mdogo